Viti vya treni mpya vimegeuzwa ubavuni: ni ubahili, na mama akae wapi?

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Marekani, na mji wetu umeleta treni nyepesi mpya, zile za umeme zinazopita barabarani kisha zinaingia chini ya ardhi. Za zamani viti vyake vilielekea mbele, wawili wawili. Hizi mpya viti vingi vimepigwa ubavuni, mgongo dirishani, mnatazamana njia nzima. Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Alipokuja kunitembelea alipanda mara moja tu akaniuliza, "Yaani mmetoka kwetu kote huko kuja kupanda chai maharage?" Kila breki ikishikwa alikuwa anasogea mpaka kwa jirani. Je, ni ubahili wa wenye treni au kuna sababu? Na kwa nini viti vyenyewe ni vigumu hivyo? Mwaka huu anarudi, nataka kujua nimkalishe wapi. Ni mimi, binti wa Tanga.

Jibu

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Alichosema si utani mtupu. Kwa vijana ambao hawakuziona, chai maharage zilikuwa zile pikapu za Dar es Salaam zilizofungwa mabenchi mawili nyuma, abiria wakakaa magoti kwa magoti wakitazamana. Zilipangwa vile kwa sababu ileile inayomfanya mhandisi wa leo ageuze viti: gari ni jembamba, na watu wakipeleka migongo ukutani, katikati panabaki nafasi. Tofauti ni kwamba kwenye chai maharage mlibanana kiasi kwamba dereva akikanyaga breki huna pa kwenda. Treni yenu ya saa nne asubuhi ina nafasi tele, benchi ni refu na linateleza, na hapo ndipo mama anapoanza safari ndani ya safari.

Jibu la mkato ni hili. Kugeuza viti ubavuni kwenyewe si kosa, na ubahili umo lakini si wote. Panapokuwa na kosa, mara nyingi liko kwenye kiti chenyewe: benchi bapa lisilo na mgawanyo, limewekwa juu mno, halafu likapelekwa kwenye njia yenye vilima. Hukutaja mji wenu. Mimi nitatumia San Francisco, kwa sababu kule jambo hili lilitokea mbele ya macho ya watu, kuanzia treni zilipoingia hadi viti vilipobadilishwa.

Mwaka 2014 SFMTA, shirika linaloendesha usafiri wa Muni katika mji huo, liliingia mkataba na kampuni ya Siemens ili kuyastaafisha mabehewa 151 ya kampuni ya Breda yaliyoanza kazi miaka ya 1990, na kuongeza mengine juu yake. Mabehewa mapya yaliundwa Sacramento, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapo, na la kwanza lilianza kubeba abiria tarehe 17 Novemba 2017. Kila moja ni la vipande viwili vilivyoungwa katikati kwa mpira wa mikunjo, kama basi refu la mwendokasi, urefu unakaribia mita 23 na upana ni mita 2.65. Ndani, karibu viti vyote vilikuwa mabenchi bapa ya plastiki, mgongo dirishani.

Watu walizisifu kwa ukimya na upana. Halafu malalamiko yakaanza: tunateleza, viti viko juu, mikanda ya kushikia haifikiki kwa wafupi, na anayetaka kukaa akitazama mbele hana pa kukaa. Shirika lilikusanya maoni ya abiria, na baada ya mabehewa 68 ya mwanzo likaagiza yanayofuata yaje na viti vilivyochongwa kimoja kimoja, vimeshushwa kidogo, na baadhi vimeelekezwa mbele au nyuma. Yale 68 nayo yakapangiwa kubadilishiwa viti. Naomba uzingatie kitu kimoja hapo: kiti cha ubavuni hakikuondolewa. Kilitengenezwa upya.

Kwa nini hawakukiondoa? Chukua futi kamba tupime. Upana wa nje ni mita 2.65. Ukitoa unene wa kuta, ndani panabaki kama mita 2.45. Kiti cha mtu mmoja kinataka sentimita 45, na si za ukarimu. Ukipanga wawili kila upande wakitazama mbele, wanne wanakula sentimita 180, njia ya katikati inabaki na 65. Hapo anapita mtu mmoja. Wakikutana wawili, mmoja ageuke ubavu na mkoba autie kifuani. Kiti cha magurudumu hakipiti kabisa, kwa sababu kanuni za Marekani zilizotokana na sheria ya walemavu ya 1990 hukihesabia upana wa sentimita 76. Sasa geuza viti. Kiti pamoja na mgongo wake kinachukua sentimita 50 kila upande, katikati zinabaki 145. Toa miguu ya waliokaa, tuseme sentimita 25 kwa kila upande, bado una 95. Na behewa likijaa, waliokaa huvuta miguu wenyewe bila kuambiwa.

Nafasi hiyo kazi yake ya kwanza ni mlangoni. Wewe umekulia kwenye daladala, unaijua sauti ya konda: "Rudini nyuma huko kweupe!" Treni haina konda. Njia ikiwa finyu, abiria wanaganda mlangoni kwa akili zao timamu kabisa, kwa sababu aliyesogea katikati anajua kutoka kutamgharimu. Matokeo yake katikati pako wazi na mlangoni hapapitiki, treni inakaa kituoni sekunde 15 zaidi, kisha 20. Katika handaki la Market Street kule San Francisco, njia za J, K, L, M na N zote zinatumia reli zilezile. Treni moja ikichelewa kituoni, iliyo nyuma yake inasimama gizani, na ya nyuma ya hiyo vilevile. Mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri cha dirishani amesimamishwa gizani dakika nne, na kile kiti hakimsaidii lolote. Ndiyo maana nasema njia pana ni starehe hata kwa yule aliyekaa, ingawa hatajua imetoka wapi.

Sasa tuje kwenye ubahili. Kiti kinachotazama mbele, pamoja na nafasi ya magoti, kinachukua karibu theluthi moja ya mita ya mraba au zaidi kidogo. Wapangaji huhesabu watu wanne waliosimama kwa mita ya mraba kama msongamano wa kuvumilika, na sita kama kubanana. Kwa hiyo ukiondoa viti kumi, unasimamisha watu kati ya 14 na 20 mahali palepale. Behewa ni bei kubwa na halinunuliwi dukani. Meneja anayetazama jedwali la asubuhi anaona kwamba kupunguza viti ni njia rahisi ya kupata behewa ambalo hajalinunua. Hesabu ya namna hii ndiyo huzaa zile namba nono za kwenye matangazo. Addis Ababa ilipofungua treni yake nyepesi mwaka 2015, kila treni ilitangazwa kubeba watu 286. Wanaoipanda jioni wanaijua hiyo 286 inafananaje. Hivyo mwambie mama ubahili umo, ila umechanganyika na sababu za haki, na kazi ya abiria ni kuuliza kipimo: watu wanasafiri muda gani?

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kikubwa. Mtu anayesafiri dakika 12 anaweza kushika bomba asidhurike. Mtu anayesafiri saa nzima anadai kiti, na anadai kwa haki. Seattle wanalijua hilo. Treni zao mpya za Siemens zilizoanza kazi mwaka 2021 zina viti 74 kwa behewa la mita 29, vingi vimeelekezwa mbele na nyuma, huku njia ikipanuliwa sehemu ya katikati ambako zamani watu walikuwa wanakwama. Tangu njia yao ifike Lynnwood mwezi Agosti 2024, mtu anaweza kupanda huko akaenda uwanja wa ndege wa SeaTac kwa zaidi ya saa moja. Kumgeuza mtu ubavuni saa nzima ni kumwonea. Kama safari za mji wenu ni ndefu namna hiyo na bado viti vyote vimegeuzwa, hapo nitakuunga mkono ukienda kugomba.

Nirudi kwenye kuteleza, maana ndilo lililomkera mama, na ndilo lenye hesabu tamu zaidi.

Treni nyepesi ikipunguza mwendo kwa breki ya kawaida, abiria anasukumwa kuelekea mbele kwa nguvu ya asilimia 13 hivi ya uzito wake. Mama akiwa na kilo 70, hiyo ni sawa na kubebeshwa begani, kwa upande, mzigo wa kilo 9. Kitambaa cha nailoni juu ya plastiki iliyong'arishwa huanza kuteleza nguvu ikikaribia robo ya uzito wa mtu, na vitambaa vingine huwahi zaidi. Kwa hiyo penye tambarare, breki ya kawaida, mtu anayumba kiwiliwili lakini makalio yanabaki yalipo. Hakuna neno.

Peleka treni hiyohiyo kilimani. Njia ya J, inapopita kando ya bustani ya Dolores, inafikia mteremko wa karibu asilimia 9. Hata treni ikiwa imesimama pale, aliyekaa ubavuni tayari anavutwa kuelekea bondeni kwa asilimia 9 ya uzito wake, kwa sababu benchi limeinama pamoja na behewa. Ikiwa inashuka na dereva akashika breki, jumlisha 9 na 13, unapata 22. Tayari uko ukingoni. Na gari la mtu likikatiza mbele, dereva akapiga breki ya dharura, ile inayoshusha sumaku mpaka kwenye reli, nguvu inaweza kuvuka asilimia 25 hata penye tambarare. Hapo benchi zima linahama, na wa mwisho anawapokea wenzake wote. Kuanza mwendo huku treni inapanda nako kunajumlisha vilevile, ila upande wa nyuma. Cha ajabu, breki wakati wa kupanda ndiyo tulivu kuliko zote, kwa sababu nguvu mbili zinapingana na kubaki na 4 tu.

Aliyekaa akitazama mbele anapata nguvu zilezile, hakupendelewa. Ila mwili wake umejipanga kuzipokea: nyayo ziko mbele zinakanyaga, mapaja yanazuia, na treni ikiondoka mgongo wa kiti unamdaka. Wa ubavuni hana kitu kulia wala kushoto isipokuwa bega la jirani. Kwenye kona kali mambo yanageuka, anayetazama mbele ndiye anayemlalia mwenzake na wa ubavuni anaegemezwa dirishani au anainamishwa kidogo. Lakini breki ni nyingi kuliko kona kali, hasa mjini kwenye taa za barabarani, kwa hiyo hesabu ya jumla inamwangukia wa ubavuni.

Hapo ndipo uchongaji unapofanya kazi. Kiti kikichongwa bonde la makalio ambalo kingo zake zinapanda nyuzi 10 tu, tayari umeongeza kizuizi cha karibu asilimia 17 ya uzito. Kwa jicho ni kitu kidogo, unaweza usikione mpaka upitishe kiganja. Kwa mtu mzima wa miaka 68 ni tofauti ya kukaa na kusafirishwa. Kwa maoni yangu benchi bapa la ubavuni halikupaswa kununuliwa na mji wowote wenye vilima, na San Francisco ni mji wa vilima.

Lakini tusimalize sifa zote. Kiti kilichochongwa kinahesabu watu. Benchi bapa linawatosha watano wembamba, au wanne wenye miili yao, au mama na watoto wawili na mfuko wa sokoni. Likigawanywa viti vitano, mwenye mwili mkubwa analazwa juu ya kingo, kingo inamchimba paja, na jirani yake anapoteza nusu kiti bila mtu kuwa na makosa. Wanaotengeneza viti hutafuta bonde la kina kidogo lisiloumiza aliyelikalia vibaya. Wengine wanalipata, wengine hawalipati.

Urefu wa kiti nao una fitina yake. Kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, mwanamke mfupi ana kama sentimita 36, mwanamume mrefu anakaribia 49. Viti vya treni kwa kawaida huwekwa kati ya 43 na 46. Kwa mwanamume mrefu sawa. Kwa mwanamke mfupi miguu inaning'inia, na mtu ambaye miguu haigusi sakafu amepoteza nanga yake ya mwisho. Kwenye kiti cha ubavuni kinachokushikilia ni makalio na nyayo tu, ukiondoa nyayo umebakiza makalio peke yake juu ya plastiki. Ndiyo maana kushusha kiti sentimita chache kuna faida ambayo mtu mrefu kwenye kikao cha ununuzi haioni.

Ila mama ana magoti. Mwenye magoti mabovu anapenda kiti cha juu, maana kuinuka kutoka chini ndiko kunakomtesa. Kwa hiyo urefu unaomsaidia kusimama ndio unaomfanya ateleze, na ule unaomzuia kuteleza unamtesa kusimama. Hakuna kipimo kitakachomaliza ugomvi huu. Dawa yake ni bomba la wima linalofikika kwa mkono ukiwa umekaa: analishika akikaa, analishika breki ikipigwa, na analitumia kujivuta akiinuka. Nikiingia kwenye behewa jipya, cha kwanza kukitazama ni mabomba yako wapi, viti vinafuata baadaye.

Umeuliza ugumu. Sababu ni tatu, mbili za kawaida na moja ya kushangaza. Ya kwanza ni moto: kila kinachowekwa ndani ya treni inayoingia handakini hupimwa kinavyowaka na moshi wake, na sponji nene hufaulu kwa gharama kubwa. Ya pili ni uchafu na visu. Jirani wa Muni, treni za BART, zilikuwa na viti vya kitambaa cha sufu ambavyo abiria walivipenda. Mwaka 2011 chombo cha habari cha huko kilipeleka sampuli ya kiti kimoja maabara, zikapatikana bakteria za kinyesi na nyingine za ngozi zisizosikia dawa. Habari ilienea, na katika miaka michache iliyofuata vitambaa vikaondolewa, vikawekwa viti vya kufuta kwa kitambaa chenye dawa. Tangu hapo kumshawishi meneja wa huko kuhusu kiti cha kitambaa ni kazi.

Ya tatu ndiyo watu huwa hawaiamini. Mto mnene hautulizi mtetemo kama tunavyodhani. Mwili wa mtu aliyekaa unachukia zaidi mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Sponji ya kawaida, mtu akiikalia, ina tabia ya kuukuza mtikisiko wa karibu mara 4 kwa sekunde, haiuzimi. Inakupa ulaini wa kukalia, jambo ambalo ni zuri kwa nusu saa ya kwanza, lakini mtikisiko wenyewe unazimwa chini, kwenye springi za magurudumu, na kwenye reli iliyotunzwa. Ukisikia behewa linagonga ko-ko-ko-ko kwa mpigo usiobadilika unaoongezeka mwendo ukiongezeka, gurudumu limeburuzwa kwenye breki kali likapata bapa. Hilo lipelekwe karakana likachongwe, mto wa kiti haulitibu. Kwa hiyo kiti kigumu chenye umbo sahihi ni bora kuliko kiti laini chenye umbo baya, ingawa nakubali kwamba watu wembamba wataniona adui.

Kuna jambo hukulisema ila mama pengine amelihisi: kutazamana. Wahandisi huliandika mstari mmoja na kuendelea. Kwa mwanamke aliyevaa gauni au dera, kukaa mbele ya mwanamume aliyesimama, goti lake karibu na uso wako, huku huna dirisha la kutorokea kwa macho, si jambo la mstari mmoja. Kiti cha kuelekea mbele kinakupa mgongo wa mtu na kioo. Tena wapo ambao tumbo linawachafuka wakisafiri upande: jicho linaona behewa limetulia, sikio la ndani linahisi mwendo, ubongo unakosa wa kumwamini. Kutazama nje kunasaidia, na aliyekaa mgongo dirishani anaona nje kupitia dirisha la mbele yake kama halijazibwa na waliosimama. Viti vichache vya kuelekea mbele katika kila behewa ni haja ya watu hawa, na nadhani San Francisco walifanya vyema kuvirudisha hata kama walirudisha vichache.

Kama treni yenu ni ya sakafu ya chini kabisa, isiyo na ngazi, basi kuna sababu nyingine tena. Magurudumu lazima yakae mahali, na sakafu ikishuka, magurudumu yanaingia ndani ya behewa kwa maboksi. Toronto, treni zao za Flexity zilizoanza mwaka 2014 kwenye njia ya Spadina zimepandisha viti juu ya maboksi hayo vikatazamana wanne wanne, na watu warefu wanagonganisha magoti. Pale si uchaguzi wa mpangaji viti, ni gurudumu limemtangulia. Behewa la sakafu ya juu kama la San Francisco halina kisingizio hicho, mitambo na magurudumu yote yako chini.

Sasa mama akae wapi.

Tafuta benchi la ubavuni linaloishia kwenye ubao au kioo cha mlangoni, umkalishe kiti cha mwisho kinachogusana na huo ubao, upande unaoelekea treni inakokwenda. Breki ikishikwa, bega lake linaegemea ubao badala ya jirani, na karibu kila mara pana bomba hapo la kushika. Mkirudi jioni, treni imegeuka mwelekeo, hivyo upande nao unageuka. Wewe kaa pembeni yake upande wa nyuma, treni ikiondoka kwa nguvu akuegemee wewe. Kama kuna kiti cha kuelekea mbele kisichopandishwa juu ya boksi, hicho ni bora zaidi, ila angalia asije akalazimika kupanda ngazi ya ndani kukifikia.

Usimkalishe mwisho kabisa wa behewa, mbele wala nyuma. Ncha za behewa zimechomoza kupita magurudumu na hupepesuka kwenye kona. Pia epuka penye mpira wa mikunjo, sakafu pale inazunguka na bomba zake ziko mbali. Katikati ya kipande kimoja, baina ya magurudumu ya ncha na mpira, ndipo behewa linapotulia zaidi.

Viti vya kipaumbele vilivyo karibu na mlango vimewekwa kwa ajili ya watu wa umri wake, na sheria iko upande wake. Kama kijana amekaa hapo na simu yake, mwombe tu kwa upole: wengi huinuka, hawakuwa wamemwona. Avae viatu vya soli ya mpira. Mkoba auweke mapajani, si sakafuni, maana mkoba ulio sakafuni humfanya akae na miguu nyuma, na miguu ikiwa nyuma haizuii kitu. Kama yeye ni mfupi, asogee mbele kidogo kwenye kiti mpaka nyayo zikanyage sawasawa. Atapoteza mgongo wa kiti lakini atapata sakafu, na kwenye kiti cha ubavuni sakafu ina faida zaidi.

Na mpande mlango wa kwanza, karibu na dereva. Mara nyingi treni huondoka kabla wazee hawajakaa kwa sababu dereva hawaoni. Akimwona mama kwenye kioo akiwa bado ameshika bomba, madereva wengi husubiri. Wewe msalimie tu ukipita.